Pampu ya ombwe ya oili haivuti: kusoma dalili na kufikia chanzo

Pampu ya maabara inayosemwa "haivuti" mara nyingi yenyewe ni nzima. Hewa inaingilia kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokauka ya chombo au kwenye mpira wa kuunganishia wenye ufa, ama oili imejaa maji na kinachotakiwa ni kuibadilisha tu. Anayekimbilia spana hufungua pampu isiyo na kosa, kisha huifunga ikiwa na gasketi iliyoumia ambayo mwanzoni haikuwa na shida. Kwa hiyo anza na mambo mawili: itazame oili, halafu itenge pampu na mfumo wake na uipime peke yake.

Maelezo haya ni ya pampu za mabapa, za hatua moja au mbili. Ndani yake rota imekaa kando ya kitovu cha silinda, na mabapa yanachomoza kwenye mifereji ya rota yakiteleza juu ya ukuta wa silinda. Oili inaziba mianya kati ya chuma na chuma, inalainisha, inatoa joto ndani na kulipeleka kwenye bodi, na inafunika vali ya kutolea ili hewa ya nje isirudi. Oili ikiharibika, kazi zote nne zinaharibika pamoja, na ndiyo maana dalili nyingi zinaonekana kufanana.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza kwanza pampu hii imekuwa ikivuta nini. Swali hili lina uzito kuliko namba ya modeli. Oili iliyopitisha asidi, vimumunyisho vyenye klorini au kemikali zenye sumu ina vitu hivyo ndani yake, na unapofungua kizibo cha chini vinatoka navyo. Vaa miwani na glavu zinazohimili kemikali husika, na ufanyie kazi kwenye kabati la kufyonza mvuke au mahali penye hewa ya kutosha.

Ingiza hewa kwenye mfumo, zima, chomoa plagi, kisha iache pampu ipoe kidogo. Bodi ya pampu inayofanya kazi hufika 60 hadi 80 °C, joto la kutosha kuunguza ngozi. Kapasita ya mota hubaki na chaji hata baada ya plagi kutoka, kwa hiyo usiguse ncha zake kabla ya kuitoa chaji kwa rezista na kuhakikisha kwa mita. Kama pampu ni ya mkanda, usiiendeshe bila kifuniko cha mkanda hata kwa dakika moja ya majaribio.

Pampu iliyoungua au kuwaka moto ni jambo la pekee. Sili zake nyingi ni za mpira wa floro, na mpira huo ukipita takriban 300 °C unaweza kutoa asidi ya haidrofloriki. Ukiona sili nyeusi zinazonata, usiziguse kwa mkono mtupu.

Presha haishuki

Ipashe pampu moto kwa nusu saa ikiwa na balasti ya gesi wazi, yaani ile vali ndogo inayoingiza hewa kidogo ndani ya pampu. Kisha ifunge balasti, tenganisha mfumo, uzibe mdomo wa kuingizia kwa flanji yenye geji peke yake. Hakikisha kweli umefunga balasti. Balasti iliyosahauliwa wazi huwafanya watu wanunue pampu mpya.

Subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Pampu ya hatua mbili yenye afya inapaswa kushuka hadi kati ya milibari 0.01 na 0.001, na ya hatua moja hadi sehemu chache za mia za milibari, tuseme 0.05 au chini yake. Usishtuke ikiwa geji yako inasoma juu kidogo kuliko karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu baadhi yao huandika presha ya gesi pekee, ilhali geji ya Pirani (inayopima presha kwa joto ambalo gesi huliondoa kwenye waya) inahesabu pia mvuke unaotoka kwenye oili. Kumbuka pia kwamba Pirani imesawazishwa kwa naitrojeni au hewa. Mfumo ukiwa na agoni, geji husoma chini ya ukweli, na ukiwa na heliamu husoma juu. Pirani iliyochafuliwa na oili hudanganya kabisa, kwa hiyo ikiwezekana linganisha na geji ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa pampu peke yake inafika chini vizuri, chanzo kiko kwenye mfumo. Rudisha mfumo, vuta hadi presha itulie, funga vali iliyo kati ya pampu na chombo, kisha andika presha kila baada ya sekunde kumi. Presha ikipanda kwa mstari ulionyooka bila kupunguza kasi, hewa inaingia kutoka nje. Ikipanda haraka mwanzoni kisha ikalegea na kutulia, hakuna tundu. Kuna maji au kimumunyisho kinachotoka kwenye kuta, kwenye mpira au kwenye sampuli yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha ujazo wa mfumo kwa ongezeko la presha, gawanya kwa muda. Mfumo wa lita 10 uliopanda kutoka milibari 0.01 hadi 0.11 kwa sekunde 100 unavuja milibari-lita 0.01 kwa sekunde. Pampu inayovuta lita 1 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 3.6 kwa saa, haitashuka chini ya milibari 0.01 ikiwa na mvujo huo hata ukiisubiri usiku kucha. Hapo pampu haina kosa lolote.

Kutafuta tundu, gawa mfumo vipande kwa vali zake na urudie kipimo kwa kila kipande. Ukishapata kipande chenye shida, dondosha isopropanoli kidogo kwenye kiungo kimoja kimoja huku ukitazama Pirani. Sindano ya geji ikiruka, ama juu kwa sababu mvuke umeingia ama chini kwa sababu kimiminika kimeziba tundu kwa muda, umefika. Usifanye hivyo karibu na hita, mota yenye cheche au waya wazi. Wahalifu wa kawaida ni unywele juu ya oringi, mkwaruzo unaokatiza flanji kutoka ndani kwenda nje, grisi iliyokauka kwenye viungo vya kioo (utaona michirizi inayong'aa kama njia za konokono), na mpira mwekundu wa zamani uliopasuka pale unapopindia.

Kuna kosa ambalo halivuji kabisa, ila linachelewesha: mpira mwembamba na mrefu. Gesi inapotiririka kwa presha ya kawaida ya pampu hizi, uwezo wa bomba hupanda kwa kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha nne, na hupungua kadiri urefu unavyoongezeka. Mpira wa ndani wa milimita 6 ukibadilishwa na wa milimita 12 wenye urefu uleule, njia inafunguka mara kumi na sita. Kabla ya kuagiza pampu kubwa zaidi, badilisha mpira.

Oili inasema nini

Kama pampu imefeli ikiwa peke yake, tazama kioo cha kuonea oili. Oili nzuri ya madini ni angavu, rangi ya asali nyepesi au isiyo na rangi kabisa, na kiwango chake kiko kati ya alama mbili.

Rangi ya maziwa ni maji. Maji yana presha ya mvuke ya milibari 23 kwenye 20 °C, na karibu milibari 200 kwenye 60 °C, joto la kawaida la oili inayofanya kazi. Pampu ambayo oili yake ina maji inajaribu kushuka hadi milibari 0.001 huku tumboni mwake kuna kitu kinachochemka. Kama wingu ni jepesi, fungua balasti, ziba mdomo wa kuingizia, uiache iendeshe saa moja au mbili, na mara nyingi oili itarudi kuwa angavu. Ikibaki nyeupe, ibadilishe.

Kiwango kikipanda bila mtu kuongeza oili, mvuke wa kimumunyisho umegeuka kimiminika ndani. Oili inakuwa nyepesi, ina harufu, na haiwezi tena kuziba wala kulainisha. Hii haisubiri wiki ijayo, mwaga leo. Rangi ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi ni ishara ya joto kali au kemikali iliyoila oili, na ikiwa nzito kama lami, rota itakwama muda si mrefu. Chembe zinazometameta ni chuma au mabapa yanayosagika, na hapo kubadilisha oili pekee hakutatosha.

Mvuke hugeuka kimiminika ndani ya pampu kwa sababu pampu inabana gesi hadi ipite presha ya nje ndipo vali ya kutolea ifunguke. Mvuke wa maji unafikia kiwango chake cha kushiba kabla ya hapo, kwa hiyo unakuwa matone na kuingia kwenye oili. Wolfgang Gaede alitatua jambo hili mwaka 1935 kwa kuingiza hewa kidogo kwenye chumba kinachobanwa: hewa hiyo inaifungua vali mapema, mvuke unatoka ukiwa bado mvuke. Ndiyo balasti hiyo hiyo tunayoitumia. Inataka pampu iliyopata moto, kwa hiyo ipashe nusu saa kabla ya kuvuta mvuke wowote, na iache iendeshe nusu saa hadi saa moja baada ya kazi ikiwa na balasti wazi. Gharama yake ni kwamba presha ya mwisho inapanda, pengine mara kumi au zaidi, na oili nyingi zaidi inatoka kama ukungu.

Kubadilisha oili kunafuata mpangilio huu:

1. Endesha pampu dakika 15 hadi 30 na balasti wazi, ili oili iwe nyepesi na uchafu usibaki chini.
2. Ingiza hewa, zima, chomoa plagi. Weka chombo, fungua kizibo cha chini, na inamisha pampu kidogo kuelekea kizibo hicho.
3. Funga, jaza oili ya kusafishia hadi alama ya chini, endesha dakika 10 hadi 15, mwaga tena. Rudia mpaka inayotoka iwe angavu. Pampu iliyokuwa na oili nyeusi huhitaji mara mbili au tatu, na anayefanya mara moja tu hujikuta na oili mpya iliyochafuka siku ya pili.
4. Badilisha chujio la oili kama lipo, na gasketi ya kizibo.
5. Jaza oili mpya ya pampu za ombwe hadi katikati ya alama, endesha, kisha kagua kiwango tena pampu ikiwa na moto.

Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko cha pampu. Pampu ndogo za mezani hubeba takriban nusu lita hadi lita mbili. Usitumie oili ya injini ya gari. Ina viongezo vinavyogeuka mvuke na kukunyima ombwe. Oili chafu ni taka ya kemikali: iweke kwenye chombo chake, andika pampu ilivuta nini, na usiichanganye na taka nyingine.

Oili ya madini haipaswi kukutana na oksijeni iliyozidi kiwango cha hewa ya kawaida. Oksijeni inapobanwa pamoja na ukungu wa oili hiyo, pampu inaweza kulipuka. Kwa kazi hizo kuna oili za polieta zenye floro, ambazo haziungui, lakini pampu lazima isafishwe kabisa kabla ya kuziweka. Oili hizi ni nzito karibu mara mbili ya maji na hazichanganyiki na oili ya madini, hivyo mabaki ya zamani yatabaki yakielea humo humo.

Mtego baridi unaogeuka hatari

Oili ikiharibika kila wiki, tatizo ni mtego, yaani chombo kilichopoozwa kinachonasa mvuke kabla haujafika kwenye pampu, si pampu. Barafu kavu ndani ya isopropanoli hufika karibu −78 °C na inatosha kwa maji na vimumunyisho vingi. Naitrojeni kioevu hufika −196 °C, na hapa mpangilio wa hatua ni suala la uhai. Oksijeni hugeuka kimiminika kwenye −183 °C. Ukiweka naitrojeni kabla ya kuwasha pampu, au mfumo ukivuja, hewa inayopita inaacha oksijeni kioevu ndani ya mtego, juu ya vimumunyisho vilivyokwisha kunaswa. Mchanganyiko huo hulipuka.

Kwa hiyo: washa pampu, hakikisha presha imeshuka na hakuna mvujo, ndipo upandishe chupa ya Dewar yenye naitrojeni. Mwisho wa kazi, shusha chupa, ingiza hewa mara moja, ndipo uzime pampu. Mtego ukiyeyuka huku pampu bado inavuta, kila ulichonasa kitaingia kwenye oili. Ukiona kimiminika chenye rangi ya buluu hafifu, usiuzibe mfumo wala usijaribu kuuokoa. Shusha kioo cha kabati, toa watu wote chumbani, uite wanaohusika na usalama.

Oili mpya, balasti imefungwa, bado haishuki

Sasa ndipo spana. Anza na vali ya kutolea, kwa sababu ni rahisi kufikika na huchoka mapema: bamba lake jembamba hupasuka, hupinda au hukaliwa na chembe. Baada yake ni mabapa. Yatoe moja moja ukiweka alama ya upande na mfereji wake, kagua kama ncha zimemeguka, kama yanateleza bila kukwama, na kama springi zimekatika. Angalia pia vitundu vya kupitishia oili kwenda kwenye rota. Vikizibwa na lami, pampu inakauka ndani huku kioo kikionyesha imejaa. Ukuta wa silinda wenye mikwaruzo inayoshika ukucha kwa kawaida ndio mwisho wa pampu hiyo, isipokuwa kama kiwanda kinauza silinda peke yake.

Haiwaki, au sakiti breka inakatika

Pima kwanza umeme kwenye soketi. Kisha, plagi ikiwa nje, zungusha feni au puli kwa mkono. Ikizunguka kwa ugumu wa kadiri, pampu ni huru na kosa liko kwenye umeme: kapasita iliyovimba, kinga ya joto iliyokata, waya uliolegea. Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita. Ikigoma kabisa kuzunguka, kuna lami, kutu au bapa lililovunjika. Usiilazimishe kwa umeme.

Chumba chenye baridi chini ya takriban 12 °C huifanya oili iwe nzito kiasi cha kukata breka. Iache mdomo wa kuingizia wazi, washa kwa dakika chache, kisha unganisha mfumo.

Pampu ya fezi tatu iliyohamishwa soketi inaweza kuzunguka kinyume. Tenga mfumo, weka kadibodi kubwa kuliko mdomo wa kuingizia, washa sekunde moja au mbili. Ikivuta kadibodi ni sawa. Ikiisukuma, zima na fundi umeme abadilishe fezi mbili. Usipime kwa kiganja.

Inapata moto kupita kiasi

Vumbi kwenye feni na ukuta uliosogezwa karibu mno ndiyo majibu ya kawaida. Baada ya hapo angalia oili pungufu au ya uzito usiofaa, umeme wenye volti ndogo, njia ya kutolea iliyoziba, na matumizi yasiyofaa: pampu hizi hazikuumbwa kuvuta gesi nyingi kwa presha ya juu saa baada ya saa.

Kelele

Mlio mkavu wa kugonga wa haraka, unaosikika tu presha ikiwa chini kabisa, ni oili isiyo na hewa ikigonga vali. Ni kawaida, na ukifungua balasti kidogo unapotea. Mlio wa kugonga unaosikika wakati wote ni bapa, springi au kiungo cha mpira kati ya mota na pampu. Mlio wa kusaga unaopanda na joto ni beringi.

Moshi na oili inayopotea

Ukungu mweupe dakika za mwanzo ni kawaida, lakini si wa kuvuta kifuani. Mdomo wa kutolea uwe na chujio la ukungu au upelekwe kwenye kabati la kufyonza mvuke. Bomba hilo likipanda juu, weka chupa ya kunasa matone karibu na pampu, la sivyo kila kilichogeuka kimiminika kinarudi kwenye oili. Wala lisizibwe kamwe: pampu inabana gesi mbele yake, na bomba lililozibwa linaweza kupasuka au kung'oa sili.

Ukungu usiokoma baada ya nusu saa una maana ya mvujo mkubwa kwenye mfumo, balasti iliyo wazi, oili iliyozidi alama ya juu, au chujio lililolowa. Matone chini ya pampu, kati ya bodi na mota, ni sili ya shafti. Badilisha sili, na kagua shafti kama ina mfereji uliochimbwa na sili ya zamani.

Oili ndani ya bomba la ombwe

Tofautisha dimbwi na utando. Dimbwi lina maana pampu ilizimwa ikiwa na ombwe, au umeme ulikatika, na presha ya nje ikaisukuma oili kwenda kwenye chombo. Pampu nyingi zina vali ya kuzuia jambo hili, nayo inapokwama ndipo utaliona. Isafishe, na hata ikiwa nzima usiitegemee: funga vali ya mfumo, ingiza hewa upande wa pampu, ndipo uzime.

Utando mwembamba unaong'aa karibu na mdomo wa kuingizia ni mvuke wa oili uliosafiri kinyume. Hutokea pampu ikiachwa saa nyingi kwenye presha ya mwisho, hasa chini ya milibari 0.1, ambako hakuna gesi ya kutosha kuusukuma urudi. Weka mtego wa alumina au zeolaiti (chembe zinazofyonza mvuke) kati ya pampu na mfumo, au ingiza naitrojeni kidogo sana ili presha isishuke mno. Alumina ikibadilika rangi, itupe. Zeolaiti iliyojaa maji unaweza kuipasha kwenye 300 °C na kuirudisha kazini, lakini iliyokwisha kunywa oili haifai tena.